Kuandika dhamira yako ya kazi kabla hujafungua ofisi: mwongozo kwa anayeanza kujiajiri Dodoma

Maswali yanayonifikia kutoka kwa vijana wanaotaka kujiajiri hapa Dodoma yanafanana. Nianze na mtaji au na jina la biashara? Nipange fremu Majengo au nifanyie kazi nyumbani? Nisajili kampuni au jina tu? Nikimuuliza anayeuliza, "Unamfanyia nani, kazi gani?", jibu linakuwa refu mno: vifaa vya ofisini, chakula cha semina, mapambo, kompyuta, na "chochote kitakachojitokeza". Hapo ndipo ninapomrudisha hatua moja nyuma, kwenye dhamira. Mwongozo huu unahusu hatua hiyo tu.

Dhamira ninayoizungumzia ni sentensi moja au mbili zinazosema unamhudumia nani, unamwondolea shida gani, kwa njia ipi, na kazi zipi huzigusi. Faida yake kubwa ni kukusaidia kukataa. Kama dhamira yako haijawahi kukufanya ukatae kazi hata moja, bado hujamaliza kuiandika.

Hapa Dodoma jambo hili lina uzito wa pekee. Tangu serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi mwaka 2016, na mji ukapandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2018, wengi wamejifunza kuishi kwa kutegea: tenda ya wizara, semina ya taasisi, msimu wa Bunge la bajeti kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni. Hela ipo humo, sibishi. Lakini anayetegea kila kitu hajulikani kwa lolote, na Julai ikifika simu yake haiiti.

Vitu vya kuandaa

- Kaunta buku moja na kalamu. Usitumie karatasi za kuokoteza, utazihitaji baada ya miezi mitatu na hutaziona.
- Simu yenye kumbukumbu za miamala yako ya mwaka uliopita. Ujumbe wa M-Pesa au Airtel Money unakumbuka walichokulipa watu kuliko unavyokumbuka wewe.
- Hesabu ya kweli ya matumizi yako ya mwezi: kodi, chakula, maji, umeme, bando, nauli, hela ya wazazi. Weka na michango ya harusi na misiba. Wengi huiacha, halafu mwezi mmoja wa michango minne unakula mtaji.
- Majina ya watu watatu uliowahi kuwafanyia kazi, kwa malipo au bure.
- Jioni tatu au nne zenye utulivu.

TIN (namba ya mlipakodi), mhuri, nembo, fulana na kadi za biashara bado huvihitaji. Nimeviweka mwisho kwa makusudi.

Hatua ya 1: Orodhesha kazi zote ulizowahi kuwafanyia watu

Chora safu tano: nani, kazi gani, alilipa kiasi gani, alirudi au hakurudi, na ulipomaliza ulijisikiaje. Andika mpaka ulizofanya bure: kumchapia mjomba barua ya ardhi, kuwapangia wanakwaya hesabu zao, kumshonea jirani sare za watoto. Pitia ujumbe wa miamala, utakumbuka ulizozisahau.

Ukimaliza, zungushia duara kila kazi ambayo mtu alirudi. Safu hiyo ndiyo naiamini kuliko zote. Mtu anaweza kukulipa mara moja kwa huruma au kwa undugu, lakini akirudi kuna kitu amekiona kwako.

Kosa la kawaida hapa ni kuanza na ndoto badala ya orodha. Ndoto ni njema, lakini haina mteja. Andika kwanza yaliyokwisha kutokea.

Hatua ya 2: Waulize watu watatu, na usikubali kusifiwa tu

Hatua hii huachwa kwa sababu ya aibu, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Usiulize "Unanionaje?" Watu wetu ni waungwana, watakusifu. Uliza walivyokuwa wanafanya kabla hawajakupata, na wangempa nani kazi kama usingekuwepo.

Tuseme umesomea mambo ya mipango na takwimu, na mwaka jana uliwaandalia ripoti kikundi cha akina mama wa Chamwino. Mtumie mwenyekiti ujumbe hivi:

"Shikamoo mama. Samahani kwa usumbufu. Ile ripoti ya kikundi niliyowaandalia, kabla hamjanipata mlikuwa mnafanyaje? Na ni kitu gani kilikuwa kinawasumbua zaidi?"

Jibu la kwanza linaweza kuwa: "Marahaba mwanangu. Ulitusaidia sana, Mungu akubariki." Hiyo ni baraka, ipokee, lakini haijakupa taarifa. Endelea kwa adabu:

"Amina mama. Na nisingekuwepo, ile kazi mngempa nani?"

"Tungerudi kwa yule kijana wa steshenari. Ila yeye anatuandikia maneno makubwa, tukiitwa halmashauri kujieleza hakuna anayejua kilichoandikwa."

Soma tena hilo jibu la pili. Mama hakusema shida yao ni ripoti. Shida ni kusimama mbele ya maofisa na kushindwa kueleza kazi ya mikono yao wenyewe. Dhamira nzuri inatoka kwenye maneno kama hayo, na usingeyapata kwa kukaa chumbani na kufikiri.

Andika majibu kwa maneno yao yenyewe. Ukiyageuza yawe lugha ya ofisini, umeyapoteza.

Hatua ya 3: Chagua mtu utakayemhudumia

"Wananchi" si mteja. "Vijana" pia ni wengi mno. Taja mtu ambaye ungeweza kumfuata kesho kwa daladala au bajaji na kumkuta. Dodoma wapo wengi wa namna hiyo: mtumishi aliyehamishiwa Mtumba, kwenye mji wa serikali, na anajenga nyumba bila kumjua fundi hata mmoja, mwanafunzi wa UDOM, mkulima wa zabibu wa Hombolo au Mpunguzi, mfanyabiashara wa mahindi pale soko la Kibaigwa, mama mwenye mgahawa karibu na stendi.

Ukishamtaja, andika kalenda yake. Usiruke hapa. Dodoma ni nchi kavu yenye msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, na miezi hiyo mkulima yuko shambani, hana muda wa mafunzo wala hela ya kulipa. Mkulima wa zabibu huvuna mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo mfuko wake haufanani na wa mkulima wa alizeti au mtama. Vyuo vikifungwa, anayetegemea wanafunzi anafunga naye. Mwezi wa Agosti viwanja vya Nanenane Nzuguni hujaa watu wa kilimo na mifugo, wengine kutoka Singida, na siku hizo chache zinaweza kukukutanisha na wateja kuliko miezi ya kuzunguka.

Kama kalenda ya mteja wako ina miezi minne ya ukame wa hela, andika sasa utakula nini miezi hiyo.

Hatua ya 4: Andika usichokifanya

Kila fani ina kazi moja yenye hela ya haraka inayoharibu jina. Kwa msomi wa takwimu hapa mjini, kazi hiyo ni kuwaandikia wanafunzi tafiti zao. Mji una vyuo vingi, na anayejua kuchambua data atafuatwa tu. Kumfundisha mwanafunzi kutumia programu ya takwimu ni kazi halali. Kumwandikia utafiti anaokwenda kuutetea kama wake ni udanganyifu, na ikijulikana, asasi inayotegemea uaminifu wa takwimu zako haitakupigia tena.

Kwa fundi ujenzi inaweza kuwa kupunguza saruji ili bei ishuke. Kwa msambazaji, risiti yenye kiasi kisicho cha kweli. Andika yako kwa jina lake kabisa. Halafu ongeza moja isiyo ya maadili, ya uchaguzi tu: kazi halali usiyoitaka kwa sababu inakula muda wa ile unayoiweza.

Hatua ya 5: Andika sentensi yenyewe

Tumia umbo hili: Nawasaidia (nani) kufanya au kuondokana na (nini), kwa (njia), katika (eneo). Si... (usichokifanya).

Tuendelee na yule wa takwimu. Rasimu ya kwanza huwa hivi:

"Kutoa huduma bora za ushauri wa kitaalamu kwa ufanisi na weledi ili kuleta maendeleo endelevu kwa jamii."

Sentensi hii inatoka kwenye mabango ya mapokezi. Ukiingia karibu ofisi yoyote ya umma hapa mjini utakuta ukutani Dira, Dhamira na Maadili ya Msingi. Taasisi yenye idara kumi inalazimika kuandika kwa upana ule. Wewe uko peke yako. Futa "bora", futa "weledi", futa "endelevu", kisha uangalie kama kuna kilichobaki.

Rasimu ya pili:

"Nawasaidia wajasiriamali kuandika ripoti na maandiko ya miradi."

Hapa kuna kazi inayoonekana, lakini wajasiriamali ni nchi nzima, na yale maneno ya mama wa Chamwino hayamo. Rasimu ya tatu:

"Navisaidia vikundi vya wanawake na vijana vya Dodoma Jiji, Chamwino na Bahi kuweka kumbukumbu zao sawa na kuandika ripoti na maandiko kwa Kiswahili ambacho viongozi wao wenyewe wanaweza kukieleza mbele ya halmashauri. Siahidi mkopo, na simwandikii mwanafunzi utafiti wake."

Hiyo inafanya kazi. Anayeisikia anajua papo hapo kama inamhusu au inamhusu shangazi yake. Na ile "siahidi mkopo" ina sababu. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ukianza kuandika maandiko utaombwa uhakikishe hela inatoka, na wengine watakuahidi sehemu ya mkopo ukitoka. Kataa yote mawili. Lipwa kwa kazi uliyoifanya, bei moja, mkopo utoke usitoke.

Mifano mingine miwili, kwa ufupi. Fundi cherehani: "Nawashonea watumishi wanawake wa Dodoma nguo za kazini zinazowatosha mara ya kwanza, na siku ninayoahidi ndiyo siku ya kuchukua. Sipokei kazi za harusi." Fundi wa madirisha ya aluminiamu: "Nawatengenezea wanaojenga Nala, Iyumbu na Ihumwa madirisha yasiyopitisha vumbi, na narudi kukagua baada ya mwezi." Aliyewahi kuishi hapa wakati wa upepo wa Julai na Agosti hahitaji kuelezwa thamani ya dirisha lisilopitisha vumbi.

Tahadhari: iandike kwa lugha unayoongea na mteja wako. Kama mteja anaongea Kiswahili na Kigogo, dhamira ya Kiingereza ni ya kumfurahisha nani?

Hatua ya 6: Ipige hesabu

Hapa ndipo dhamira nyingi nzuri hufa, na ni afadhali ife kwenye daftari kuliko baada ya kulipa kodi ya fremu miezi sita. Chukua namba za mfano, kisha weka zako.

Unahitaji shilingi 600,000 kwa mwezi. Kikundi kimoja kinaweza kulipa 150,000 kwa andiko lenye vikao vitatu. Toa nauli, bando na kuchapa, 40,000. Unabaki na 110,000. Ili ufike 600,000 unahitaji vikundi sita, yaani 660,000. Kila kikundi kinakula siku nne ukihesabu safari na uandishi, kwa hiyo siku 24. Mwezi wenye wiki za siku sita una siku kama 26. Umebakiwa na siku mbili za kutafuta vikundi vingine sita vya mwezi ujao. Haiwezekani.

Usikimbilie kushusha bei ili upate wengi. Tazama nani mwingine ana haja na watu haohao. Asasi zinazolea vikundi hulipia mafunzo ya kutunza kumbukumbu. Tuseme kazi moja ya siku sita inakuachia 300,000. Vikundi vitatu ni 330,000 kwa siku 12. Jumla 630,000 kwa siku 18, na umepata siku nane za kutafuta kazi, kufuatilia malipo na kupumzika. Dhamira haijabadilika, umeongeza tu maneno "na asasi zinazovilea".

Asasi nyingi hulipa kwa kuchelewa. Omba nusu kabla ya kuanza, na iandikwe kwenye makubaliano.

Hatua ya 7: Ijaribu kwa mwezi mmoja

Iseme kwa mdomo, bila kusoma, kwa kila anayekuuliza "Siku hizi unafanya nini?" Kisha sikiliza. Akisema "Hongera sana" na kubadilisha mazungumzo, haijamgusa. Akiuliza bei, au akisema "Kuna dada yangu Bahi ana kikundi", imefika. Weka pia toleo fupi kwenye WhatsApp.

Kwenye daftari andika kila kazi uliyoombwa, uliyokubali na uliyokataa. Mwisho wa mwezi, kama zaidi ya nusu ya ulizokubali ziko nje ya dhamira, dhamira haijakuongoza. Ama ni ya uongo, ama hujawaambia watu.

Hatua ya 8: Sasa sajili

Sasa ndiyo wakati wa TIN, ambayo TRA hutoa bila malipo, jina la biashara kupitia mfumo wa mtandaoni wa BRELA (wakala wa usajili wa biashara) ukiwa na namba yako ya NIDA, na leseni ya biashara kutoka halmashauri yako. Chagua jina ambalo halipingani na dhamira. Nimeona majina yanayobeba kilimo, ujenzi, chakula na usafirishaji kwa pamoja, na mteja akiyasoma hajui amwite kwa lipi.

Kabla ya hapo kagua jambo moja zito: baadhi ya fani zina bodi. Uhasibu una NBAA, ukandarasi una CRB, uhandisi una ERB, na fundi umeme anahitaji leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Ukiahidi kwenye dhamira kazi ambayo bodi haijakuruhusu, unajitafutia kesi. Punguza ahadi ilingane na ulichoruhusiwa, au anza kwa kufuata masharti ya bodi.

Ukikwama

Nina vipaji viwili, nashindwa kuchagua. Rudi kwenye duara za hatua ya 1. Kama vyote vina waliorudi, chagua kile ambacho wateja wake wanajuana. Mteja anayekaa na wenzake kwenye VICOBA atakuleta kwa ishirini.

Nikikataa kazi nitakula nini? Swali la haki kabisa. Miezi sita ya kwanza jipe ruhusa ya kufanya kazi za njaa siku mbili kwa wiki. Zifanye vizuri, lakini usizitangaze, wala usizinunulie vifaa. Ukishanunua mashine ya kazi ya njaa, imekuwa kazi yako.

Wazazi wanataka nisubiri ajira. Endelea kutuma maombi kwenye Ajira Portal, dhamira haikukatazi. Ukiongea nao usibishane juu ya ndoto. Wapelekee daftari, waone ukurasa wa hatua ya 6. Baba anayeona hesabu iliyonyooka huuliza maswali tofauti na yule anayeambiwa "nataka kujiajiri".

Bado nimeajiriwa. Fanya hatua ya 1 hadi ya 6 bila wasiwasi. Kabla ya hatua ya 7 soma mkataba wako kuhusu kazi za nje, na usiwaguse wateja wa mwajiri wako.

Ndugu wanaomba bure. Weka idadi. Kwa mfano, kazi moja ya ndugu kwa miezi mitatu, iliyoandikwa daftarini kama nyingine. Wa pili akija mwambie kwa upole nafasi inayofuata ni lini. Mwenye haja ya kweli atalipa au atasubiri.

Siko mjini, niko Manyoni, Kondoa au Mpwapwa. Wateja wa aina moja watakuwa wachache kuliko hapa, kwa hiyo geuza: eneo liwe dogo na wazi, huduma iwe pana kidogo. "Kikundi chochote ndani ya tarafa yangu" ni dhamira inayobebeka kwa pikipiki moja. Kuhusu vijiji vipya, anza kwa mtendaji wa kijiji na barua ya utambulisho mkononi, hasa kama kazi yako ina maswali ya kuuliza watu.

Nataka kuibadilisha kila wiki. Usiiguse mpaka miezi mitatu ipite tangu hatua ya 7. Kisha fungua daftari, soma uliyokubali na uliyokataa, urudie hatua ya 2 na watu watatu wapya. Kama wanataja shida tofauti na uliyoiandika, badilisha sehemu ya shida kwanza. Sehemu ya "nani" iwe ya mwisho kuguswa, kwa sababu ukimbadilisha mteja unaanza upya hatua ya 3, kalenda yake yote.